Paa Lililolala Chali

Katika behewa la mwisho la treni, paa la fibaglasi lilikuwa limekalia viti viwili kwa heshima zote, wenyewe wamesimama. Lilitoka kwenye gari la kizamani la aina nyingine, na fundi bodi alikuwa amelipunguza ili lienee gari la shemeji yake, la kizamani pia, lisilo na paa.

"Shemeji, umekata kushoto. Uliozidi ulikuwa upande wa kulia."

"Nilipiga alama likiwa limelala chali," fundi akajibu, kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya. "Hata wewe ukilala chali, kulia kwako kunahama."

Mwenye gari alilitafakari hilo kwa dhati. "Kwangu hakujawahi kuhama. Na kesho nampeleka mama mkwe harusini. Amesukwa tangu asubuhi."

"Mwambie upepo ni afya."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

Treni ikasimama. Mama alikuwa jukwaani, nywele zimepanda kama ghorofa, amekuja kulipokea paa. Bila kushauriana, mashemeji wakajitwika paa vichwani mpaka nyuso zikapotea, wakashuka. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu likatwe, paa likaenea barabara.