Pima-Tena na Barakoa ya Dirisha

Dada yetu mpendwa, fundi cherehani mliyezoea kumwita Pima-Tena, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, kifungua mimba wa mwashi na mkunga. Alimaliza darasa la saba akiwa amemkosoa mwalimu wa hesabu mara nyingi mno, na mwalimu alishusha pumzi alipomuaga.

Katika chumba chake nyuma ya soko, cherehani ilitazama mlango ili amwone kila anayeingia. Alipima kiuno, akaandika, akapima tena. "Watu huvuta tumbo wakiona futi," alisema. Hata mchumba wake, seremala, hakusalimika walipofunga ndoa mwaka 1989. "Mimi si kitambaa," seremala alilalamika. "Kitambaa hakidanganyi," akajibiwa.

Februari 2020 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Kabla ya upasuaji corona ikaingia, kliniki ikaahirisha miadi, kisha ikaahirisha tena. Wasiwasi ukamganda. Alishuku kwamba corona ni kisingizio tu, kwamba madaktari wameshamkatia tamaa na familia nzima inajua. Mumewe akipiga simu uani, alijibanza dirishani kusikiliza; kumbe maskini alikuwa akiwabembeleza kliniki wampe mkewe nafasi. Usingizi ulimpaa. Kliniki ilipofunguliwa, akagoma kwenda.

"Wote wamefunika midomo," alisema. "Nitamjuaje anayenidanganya?"

Mwishowe alishona barakoa yenye dirisha la nailoni angavu mbele ya mdomo, akaenda nayo kwa daktari. Daktari alicheka, akaivaa.

"Mama, hatujakukatia tamaa. Ila uvimbe umekua tulipokuwa tumefunga. Sikufichi."

Dada alimkazia macho mdomoni. "Hebu rudia."

Daktari akarudia, neno kwa neno. Siku hiyohiyo dada akakubali kupasuliwa, na usiku ule alilala fofofo.

Alirudi kwenye cherehani yake, akatusumbua kwa raha zake hadi mwanzoni mwa 2023, saratani ilipojitokeza kwenye mapafu. Daktari alimfuata nyumbani, uso wazi. "Safari hii je, nitapona?" dada aliuliza. "Safari hii hapana, mama." Dada alimtazama mdomoni, wala hakumwambia arudie. Alifariki tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake anayewasomea haya. Alale kwa amani dada yetu. Hatukumficha kitu.