Ushahidi wa Mama Futi

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi cherehani anayejulikana mtaani kama Mama Futi aliingia kwenye kizimba cha mashahidi akiwa na daftari lake la vipimo. Alisimama humo dakika hamsini. Mshtakiwa ni dereva wa lori ambaye watu humwita Kokoto, kwa sababu ya mzigo anaobeba. Shtaka ni kumpiga mkewe, Mama Pacha, na kumvunja mkono. Kokoto yuko nje kwa dhamana na hukumu itasomwa baada ya wiki mbili. Ilipofika saa saba mchana, habari za ushahidi huo zilikuwa zimeshafika kwenye benchi lililo kati ya chumba cha kinyozi na duka la Mama Futi. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, linakalisha watu wanne wakibanana. Mama Birika anauza kahawa pembeni yake. Siku hiyo walikuwepo Redio, ambaye ndiye kinyozi. Spana, fundi baiskeli. Na mzee Faili, aliyekuwa tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na sita. Faili peke yake ndiye aliyekwenda kusikiliza kesi.

Spana: Mzee Faili, anza mwanzo. Usiruke kitu.

Faili: Nimeshaanza mara tatu.

Spana: Mara ya kwanza nilikuwa naziba pancha. Mara ya pili Redio alikuwa anakudakia maneno.

Redio: Mimi nilikuwa naongezea tu.

Mama Birika: Unaongezea kesi ambayo hukwenda!

Faili: Haya, sikilizeni. Wakili wa Kokoto kasimama, kajikohoza. "Mama, wewe ni daktari?" Mama Futi kamjibu, "Hapana, ni fundi cherehani." "Sasa ulijuaje kuwa lile ni jeraha?" Akasema, "Sikusema jeraha, nimesema alama. Kazi yangu ni kupima. Ilikuwa inchi nne kwa mbili, mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Nimeandika hapa, na tarehe ipo."

Spana: Lo!

Faili: Wakili kapekua makaratasi yake kama mtu aliyepoteza funguo. Akauliza, kwa nini fundi wa nguo aandike alama za mwili wa mteja? Mama Futi kasema, "Aliagiza gauni la mikono mifupi. Alipojitazama kwenye kioo akaomba nirefushe mikono mpaka kwenye viganja. Nikibadilisha kipimo huandika sababu. Sikuanza kwake, mheshimiwa, fungua ukurasa wowote." Hakimu kafungua. Kakuta imeandikwa, "Kiuno kimeongezeka inchi tatu, mwenyewe anasema ni mkanda."

Redio: Huyo ni mimi!

Mama Birika: Hongera. Tumbo lako limeingia kwenye kumbukumbu za mahakama.

Benchi lilicheka mpaka tofali moja likayumba. Redio alijishika tumbo, akalirudisha ndani.

Spana: Lakini mama yule ana moyo. Mimi wakili akinikodolea macho hivyo, nakiri hata kosa la jirani.

Faili: Subiri. Hakimu mwenyewe akamuuliza, "Ulipoona alama hizo ulimwambia nini mteja wako?" Kasema, "Nilimuuliza anataka nimsaidieje."

Spana: Halafu?

Faili: Ndiyo hivyo tu. Akamuuliza, akanyamaza, akasubiri jibu. Kasema jibu lilikuja baada ya siku tisa.

Redio: Siku tisa! Mimi ningemwambia siku ile ile, dada, beba watoto, ondoka.

Mama Birika: Na Kokoto angeambiwa na nani? Na wewe tena?

Redio alichukua kikombe chake. Kilikuwa kitupu, lakini alikinywa.

Jambo lenyewe kila mtu pale analijua. Mwezi wa tatu, Mama Pacha alipanga kuondoka siku ya Jumamosi. Aliyasema hayo dukani kwa Mama Futi, na ukuta kati ya duka na chumba cha kinyozi ni wa mbao. Ijumaa Kokoto alikwenda kunyolewa ndevu. Kokoto akiwa na povu kidevuni, Redio alimshauri aishi vizuri na mkewe, maana mke anayetaka kuondoka kesho anaweza kubembelezwa leo. Redio aliamini anaokoa ndoa. Jioni hiyo Mama Pacha alivunjwa mkono.

Redio: Nilitaka kusuluhisha, jamani. Nani hapa hajawahi kusuluhisha?

Faili: Ugomvi wa mipaka ya ua unasuluhisha. Mtu kuvunjwa mkono ni jinai. Kesi hii hata si ya Mama Pacha tena, ni ya serikali. Wajomba wa Kokoto walikuja mahakamani wakitaka eti yakamalizwe nyumbani. Mwendesha mashtaka aliwauliza, "Nyumba gani? Ile ile?"

Spana: Wakasemaje?

Faili: Wakauliza choo kiko wapi.

Mama Birika: Mimi ninayemheshimu ni Mama Futi kwa alivyofanya baada ya hapo. Asubuhi yake alifunga duka, na alikuwa na sare za kwaya nzima za kumaliza. Kampeleka Mama Pacha hospitali, daktari akajaza ile fomu ya polisi. Kutoka hapo, kituoni. Nilikwenda kuwapelekea kahawa, nikamkuta amekaa nje kwenye ngazi. Nikamwambia, shoga, ingia ukamsemee, mwenzio anaumwa. Akaniambia, "Anajua kusema. Mimi nipo hapa akitoka." Saa nne nzima alikaa pale.

Faili: Na mkoba wa Mama Pacha?

Mama Birika: Mkoba huo! Vyeti vya watoto, kitambulisho, kadi za kliniki, funguo. Alimwekea katikati ya jora la kitambaa cha mapazia, miezi miwili. Wateja wanakuja wanachagua mapazia, yeye anawaambia lile limeshauzwa.

Spana: Nilidhani ni roho mbaya. Mke wangu alilitaka lile pazia.

Mwezi wa sita Mama Pacha na watoto wake waliondoka mtaani. Hakuna aliyejua siku wala saa.

Redio: Sasa hukumu. Mimi nasema miaka thelathini.

Spana: Na lori litaifishwe.

Redio: Na akitoka asiruhusiwe kunyoa. Aishi na ndevu zake, watu wamwone kwa mbali wajihadhari.

Faili: Miaka anaijua hakimu. Tunachojua ni masharti ya dhamana. Asimsogelee mkewe, asimpigie simu, asimtafute, yeye wala mtu wa kumtuma. Akivunja sharti moja, anasubiri hukumu akiwa rumande.

Spana: Atamtafutia wapi? Mimi nasema yumo humu humu dukani, nyuma ya majora. Wiki iliyopita nilisikia cherehani mbili zikilia kwa pamoja.

Mama Birika: Ana mwanafunzi, Spana. Na jana ulimpa pampu.

Redio: Hayupo nchi hii. Yuko melini, mpishi. Meli yenyewe haitii nanga popote, inazunguka tu.

Spana: Na shule ya watoto?

Redio: Nahodha anawafundisha.

Faili: Nyie hamjui sheria. Shahidi mkubwa kama yule hupewa jina jipya, nyumba mpya, hata sura wanaitengeneza upya.

Spana: Na mapacha?

Faili: Mapacha wanatengenezwa wasifanane.

Mama Birika: Wasifanane! Miaka ishirini na sita mahakamani, umerudi na hilo?

Walikuwa bado wanacheka pikipiki iliposimama mbele yao. Dereva wake alikuwa mgeni mtaani, mtu wa makamo, amefunga boksi nyuma ya kiti kwa mpira. Alivua kofia ngumu, akasalimia vizuri.

— Samahani, wazee. Nina mzigo wa Mama Pacha. Siku hizi anakaa wapi?

Benchi hili linajua nani kahama, kahamia kwa nani na kaacha deni la maji la miezi mingapi. Spana alimtazama Faili. Faili alimtazama Redio.

Redio: Hatujui.

— Hata mtaa tu?

Redio: Hata upande. Nani kakutuma, kaka?

— Bwana mmoja, yuko pale kituo cha mafuta na lori. Kaniambia ni nguo za watoto. Nikishafika kwa mama mwenyewe nimpigie, nimwelekeze nyumba.

Faili aliinuka. Spana alimwambia mgeni azime pikipiki apumzike, jua ni kali. Mama Birika alishaingia dukani. Alitoka na Mama Futi, futi shingoni, pini tatu kwenye ukosi.

Mama Futi: Wewe huna kosa, kaka. Ila mzigo huo usiufungue na simu usipige. Mama Birika, mpe kahawa.

Alipiga simu mwenyewe, kwa askari wa kike anayeshughulikia kesi ile. Alizungumza kwa sauti ya kawaida: saa, namba ya pikipiki, maneno aliyoyasema dereva, kituo gani cha mafuta, lori liko upande gani. Alipokata, alimgeukia Redio.

Mama Futi: Umemsikia huyu kwa masikio yako?

Redio: Nimemsikia, dada.

Mama Futi: Wanahitaji mtu wa kuandika maelezo. Mimi nimeshatoa ushahidi kwenye kesi hii. Afadhali awe mwingine.

Redio: Nikienda wataniuliza na ya mwezi wa tatu.

Mama Futi: Watakuuliza.

Redio: Niwaambie?

Mama Futi: Waambie kilichotokea. Usiongezee.

Redio alikuwa na mteja ndani, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Alimtazama mteja kupitia mlangoni. Mteja akasema, "Nenda, mimi nipo." Redio alivua aproni, akaikunja, akamkabidhi Spana, kisha akaondoka kwa miguu kwenda kituo cha polisi, dereva akisukuma pikipiki kando yake, maana Redio hakutaka kupanda na lile boksi nyuma yake. Mama Birika alitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha, na saa ilikuwa nane kasorobo.

Spana: Mama Futi, tuambie sisi tu. Yuko salama?

Mama Futi: Anakula, analala.

Spana: Lakini wapi?

Mama Futi: Baiskeli ya watu inakusubiri, Spana.

Akarudi ndani. Cherehani ikaanza kulia.

Faili: Mmeona? Nimefanya kazi na mahakimu kumi na mmoja. Siri nzito kama hii sikuwahi kuiona ikitunzwa mbele ya kinyozi.

Askari wawili walimkuta Kokoto kituo cha mafuta saa nane na dakika tano, ameketi ndani ya lori, simu mkononi. Ndani ya boksi mlikuwa na magazeti ya zamani na kiatu kimoja cha mtoto. Redio aliandika maelezo ya ukurasa mmoja na nusu. Nusu ukurasa ni ya mwezi wa tatu. Alirudi saa kumi na moja, akamaliza upande wa pili wa kichwa cha mteja wake, na hakumtoza.

Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mahakama ilifuta dhamana ya Kokoto. Mama Pacha hakuwepo, na hakutakiwa kuwepo.