Kiingereza cha Jumla

Kijiwe cha kahawa cha Pantaleo kiko pale kona ambapo Kariakoo inaanza kunuka oili ya Gerezani. Ni benchi moja la mbao lililolegea mguu, jiko la mkaa, birika, na sahani ya kashata iliyofunikwa kwa nailoni. Jioni hukosi kuwakuta watatu. Elimringi, muuza vyombo vya plastiki, mtaa unamwita Mzee Jumla kwa sababu hakuuzii ndoo moja hata umlilie. Indravadan, mwenye duka la vifungo, anaitwa Zipu, na jina hilo ni kumwonea tu maana mdomo wake haujawahi kufungwa. Lucky ni winga: hana duka wala mzigo, ila ana mdomo wa kukutoa barabarani mpaka dukani kwa mwenzake akapata chake. Huyo ndiye Spika. Jumamosi hiyo walikuwa hawajamaliza kikombe cha kwanza simu ya Mzee Jumla ilipoita. Akaitazama, akailaza kifudifudi pajani. Ikaita mpaka ikachoka yenyewe.

— Mzee wangu, si Aminiel huyo? Lucky akauliza. — Mwanao anapiga kutoka Ulaya, wewe unamchunia?

— Simchunii. Najipanga.

Kijiwe kizima kilijua anajipanga na nini. Aminiel anaishi Uingereza na mkewe na mtoto wao wa miaka sita. Mtoto wa kiume wa kwanza, kwa hiyo kama ilivyo kwa Wachaga akapewa jina la babu yake: Elimringi. Wajina huyo hajui Kiswahili wala Kichaga, na babu yake Kiingereza chake ni cha dukani, cha rangi na bei. Mwezi uliopita walikuwa wanaongea kwa video, mtoto akasema "Mum left". Mzee alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kwamba left ni kushoto. Akamwelekeza kwa mkono ageuze simu kushoto amsalimie mama. Mtoto akacheka mpaka akateleza kwenye kiti. Kumbe mama alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Mzee naye alicheka, lakini kicheko cha nje tu. Ndani alijisikia mjinga mbele ya mtu aliyebeba jina lake, na tangu siku hiyo hajapokea simu. Desemba wanakuja Moshi, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Atakaa sebuleni na mjukuu wake wanatazamana kama abiria wawili wasiojuana.

— Zipu, nipe neno la leo, alisema. — Na ulifungue lote. Mimi siweki dukani kitu ambacho sikijui nyuma na mbele.

— Sikufichi kitu, bwana. Chukua wind. Ni upepo. Herufi zile zile ukizisoma "waindi", ni kuviringa, kama uzi kwenye kibao.

— Herufi zile zile?

— Hakuna hata moja iliyoongezwa.

— Juzi ulinipa tear. Ni chozi, halafu ni kuchana. Jana ukanipa bat. Ni popo, halafu ni gongo la kriketi. Na mtoto wa miaka sita anayajua yote haya?

— Anayajua. Hajui tu kama anayajua.

Mzee Jumla akashusha pumzi. Kila jioni anaongeza neno, na kila neno likija linakuja na ndugu yake.

— Mnajua kwa nini iko hivyo? Lucky akadakia. Akiuliza hivyo ujue jibu analo na utalisikia upende usipende. — Ni ishu ya frem! Angalia hapa mtaani. Frem moja, upande huu jamaa anauza viatu, upande ule mwenzake anauza makava ya simu. Kodi wanachangiana. Mzungu naye kodi ya maneno ilimpandia, akasema bwana we, kaeni wawili wawili.

— Sasa mteja akiingia atajuaje anamfuata nani? aliuliza Mzee Jumla.

— Ndiyo maana wanahitaji winga!

Pantaleo alikuwa anasuuza vikombe. Kwa kawaida hachangii, lakini hapo uzalendo ulimshinda.

— Kodi wapi, ni baridi ile. Kule ukifungua mdomo meno yanaganda. Mtu hawezi kukaa anatunga maneno mapya nje kwenye barafu. Anachukua lililopo, analitumia tena, anakimbilia ndani.

— Acha zako, Pantaleo, alisema Lucky. — Mbona walioko Australia wanachomwa na jua na wanaongea hivyo hivyo?

— Walihama nayo. Baridi iliwaingia kwenye mifupa.

— Nyote mmekosea, alisema Indravadan, akaweka kikombe chini kama hakimu. — Ni kinga. Wamewaza mbali. Mgeni akifika anajifunza neno, anafurahi, kumbe amepewa nusu. Nusu nyingine wamebaki nayo wenyeji. Hata mji anaokaa Aminiel mnauonaje? Unaandikwa Reading. Ukiusoma kama ulivyofundishwa shule ni "ridingi", yaani kusoma. Ukifika stesheni ukatamka hivyo wanakushangaa. Wenyewe wanauita Redingi.

— Hata mji! Lucky akashika kichwa. — Mji mzima wenye meya umechangia frem na kusoma! Noma sana.

Wakacheka. Mzee Jumla hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba hata anwani ya mwanawe amekuwa akiitamka vibaya miaka yote hii, na hakuna aliyemwambia.

Wakati huo alikuwa ameketi mwisho wa benchi mwanamke mmoja mwenye kilemba cha kitenge, akisubiri mkokoteni umletee masinia aliyonunua. Lucky ndiye aliyemleta kwa Mzee Jumla mchana. Anaitwa Fortunata, ana duka la vyombo Ifakara. Alikuwa ameshasema shikamooni na kuitikiwa, akawa anawasikiliza na kahawa yake mkononi muda wote wa mjadala.

— Samahani wazee wangu, alisema. — Baba, ukishayajua yote haya, utamwambia nini huyo mjukuu?

— Nitaongea naye.

— Ndiyo baba, lakini kuhusu nini? Anapenda nini?

Mzee Jumla ni mtu ambaye mteja akivuka barabara tu anajua kama anatafuta beseni au jagi. Alitafuta kichwani, akapata maneno ya Kiingereza yamejipanga kwenye shelfu moja baada ya jingine. Mtoto mwenyewe hakumwona popote.

— Sijui, mama, alisema. Ilimuuma, na hakujaribu kuficha.

Lucky akamgeukia Indravadan kutafuta msaada.

— Zipu, wewe una wajukuu. Watoto wa kule wanapenda nini?

Indravadan alikiokota kikombe chake, akakizungusha mkononi.

— Usiniulize mimi, alisema. — Mimi Kiingereza ninacho chote, hakuna neno linalonipiga chenga. Krina wangu yuko Toronto. Ananiambia "hi, Dada", basi, anampa mama yake simu. Na mimi sijawahi kumuuliza anapenda nini.

— Huyo anakuitaje dada? aliuliza Pantaleo.

— Kwa Kigujarati chetu babu ni Dada. Nyamaza, Pantaleo.

Pantaleo akainua birika kuwaongezea, akalirudisha jikoni bila kumimina.

Mzee Jumla akaishika simu. Akapiga kwa video. Aminiel akapokea, akaanza "Baba, mbona kimya, unaumwa?" lakini mzee akamkatiza, akamwambia amlete wajina wake. Kioo kikajaa uso wa mtoto, umekaa karibu mno, pengo mbele.

— Eli, alisema mzee. Akasahau tear, akasahau wind. — You. You like... what?

Mtoto akamtazama. Kisha akatoweka. Kijiwe kikabaki kinatazama ukuta mweupe wa Redingi na kusikia miguu inakimbia. Aliporudi alikuwa na kopo la kioo lenye majani ndani, akalisogeza kwenye simu, akaanza kueleza. Akaeleza kwa kasi, kwa mikono, kwa macho, bila kuvuta pumzi. Kwenye jani kulikuwa na konokono anatembea taratibu.

— Konokono! alipaza sauti Mzee Jumla, mpaka mkokoteni uliokuwa unapita ukasimama.

— Kono? alisema mtoto.

— Ko-no-ko-no.

— Konokono, alisema mtoto, akacheka, akaendelea kueleza.

Mzee alikuwa anaitikia tu kwa kichwa, machozi yanamlengalenga na hana haja ya kuyafuta. Lucky akashindwa kuvumilia, akamnong'oneza:

— Anasemaje, mzee wangu?

— Sijui, alisema Mzee Jumla bila kuondoa macho kwenye simu. — Lakini anapenda konokono.