Virusi Arobaini na Moja

Kijiwe cha kahawa cha mama Nyaruach kilikuwa ubao wa bodi la lori uliolazwa juu ya mawe chini ya mti wa mathenge, kambini Kakuma One, karibu na ukingo wa laga, ule mto mkavu. Asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, wenyewe walikuwa wameshakaa na vikombe vyao. Mukendi, kinyozi aliyetoka Bukavu, waliyemwita Ambasada kwa sababu alikuwa na maelezo kuhusu serikali zote za dunia. Lokeno, Mturkana wa hapohapo, jina lake la utani Kilomita, maana alikula ujana wake juu ya malori, Kitale, Kainuk, Lodwar mpaka Lokichoggio, na hakuna jambo ambalo halikuwahi kumkuta njiani. Na Alier, fundi cherehani kutoka Bor, mshonaji wa yunifomu za shule, mtu mrefu na mpole asiyejua kupaza sauti. Yeye jina lake lilikuwa jipya. Tangu Juni ya mwaka ule wa 2013 walimwita Daktari, na ingawa hakukiri mbele ya mtu, jina hilo lilimkaa vizuri kama koti alilojipimia mwenyewe.

Udaktari aliupata hivi. Mpwa wake wa Juba alimpelekea simu ya tachi, ikavuka mpaka wa Nadapal ndani ya mfuko wa unga. Alier akahamishia humo picha zote za marehemu mkewe, Adhel, zilizokuwa kwenye simu ya zamani iliyopasuka kioo. Siku moja akiwa anasoma habari za Bor, ukurasa ukageuka mwekundu, ukaanza kulia kama king'ora: simu yako ina virusi kumi na saba, bonyeza hapa uisafishe. Akawaza picha. Akabonyeza. Ikaingia ngao ya kijani, ikazunguka, ikazunguka, ikatangaza kwamba vyote kumi na saba vimekufa.

Kesho yake ngao ikahesabu ishirini na tatu. Wiki iliyofuata arobaini na moja.

Kijiwe kizima kilistaajabu. Lokeno aliomba apewe dawa hiyo, akatumiwa kwa blututhi. Mukendi naye. Nyaruach naye. Baada yao wakaja wanakwaya wa kanisa, kisha walimu wawili. Kila asubuhi watu walisomeana hesabu zao kabla ya kusalimiana, na mwenye virusi vingi ndiye aliyepewa nafasi ya kuongea.

Halafu meseji zikaanza. Simu ya Alier ilijiandikia yenyewe, ikawatumia watu wote aliokuwa na namba zao maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba nimeona picha zako, bonyeza hapa uzione. Askofu alipata. Mkuu wa shule alipata. Na Aukot alipata mara sita.

Hapo ndipo pabaya. Aukot, mwalimu mstaafu wa Lodwar, alikuwa baba yake Lopeyok, na Lopeyok alitaka kumwoa Adut, binti pekee wa Alier. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wanaguna tayari, hawa wakiuliza imekuwaje aolewe na Mturkana, wale wakiuliza imekuwaje wachukue mkimbizi. Wazee wawili ndio waliokuwa wameishika ile ndoa isianguke. Sasa Aukot alipiga simu jana yake, akauliza neno moja tu:

— Alier, picha gani zangu unazo?

Kabla hajajibiwa akasema anakuja Kakuma kesho, wataongea uso kwa uso. Akakata.

Ndiyo maana asubuhi hiyo kahawa ya Alier ilipoa mkononi wakati wenzake wakitafuta chanzo.

— Ni joto, alisema Nyaruach akipuliza makaa. Simu ni kitu ya baridi. Ukiiweka mfukoni hapa Kakuma, maneno yanayeyuka, yanamwagikia watu.

— Joto gani? Lokeno alikataa. Hiyo simu ilipita Nadapal. Iko na nchi mbili ndani. Netiweki ya Juba inaiita irudi, ya Kenya inaishika mguu, sasa inapiga kelele. Niliona lori Lokichoggio iko na namba ya nchi mbili. Haikuwaka miezi sita!

— Kilomita, lori njo inaandika meseji? Mukendi alitikisa kichwa. Miye nilishasema. Ile simu ilikuwa ya mutu mwengine mbele ya Daktari. Ule mutu alikufa. Sasa anatafuta jamaa yake.

— Anatafuta jamaa yake kwa namba zangu? Alier aliuliza.

— Zake alishasahau. Si alikufa?

Hilo lilikuwa gumu kulipinga. Alier akatoa simu, akaitazama ngao.

— Mimi naona ni virusi, alisema polepole. Leo viko sitini na nane. Dawa inaviua, navyo vinalia. Hizo meseji ni kilio chao.

— Basi ongeza dawa! wakasema wote pamoja.

Akaongeza. Aliibonyeza ngao mara tatu mfululizo, na mara ya tatu simu ikatetemeka, ikatuma meseji nyingine kwa watu mia moja na arobaini.

Adut aliwakuta hapo. Alikuwa ametoka Lodwar kwa gari la kwanza, mkoba wa laptopu begani na vumbi kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta na simu katika duka moja karibu na soko, na baba yake alikuwa akisema tu kwamba binti yangu yuko ofisini, kwa kuwa hakujua vizuri anachofanya humo.

— Ejok, Mzee Lokeno.

— Ejok-nooi, mama.

Baada ya salamu hiyo ya Kiturkana akawasalimu Mukendi na Nyaruach kwa zamu, kisha akachuchumaa mbele ya baba yake.

— Baba, nimepata meseji yako mara saba. Ya saba imeingia sasa hivi, nikiwa pale kwa kona.

Wakamweleza wote kwa wakati mmoja. Aliisikiliza habari ya joto, ya nchi mbili, na ya marehemu mpaka mwisho bila kucheka. Walipochoka akauliza:

— Kabla ya hii dawa, simu ilikuwa inasumbua nini?

Lokeno akamtazama Mukendi. Mukendi akatazama ndani ya kikombe. Alier aliigeuzageuza simu mkononi. Alijaribu kukumbuka. Simu ilikuwa inapiga, inapokea, inaimba nyimbo za kanisa, inaonyesha sura ya Adhel. Alitafuta ugonjwa hata mdogo, asiupate.

— Ilisema iko na virusi, alisema mwishowe.

— Nani alisema? Simu, ama ule ukurasa?



— Formati! Mukendi alijitokeza. Futa yote, ianze kama mutoto mupya.

Alier akaivuta simu kifuani kabla hajajua anafanya nini.

— Hatufuti, alisema Adut. Mama yuko ndani.

Akaketi kwenye ncha ya ubao na kuanza kazi. Kwanza alitoa laini, ili simu isiweze kumwandikia mtu tena. Pili aliiunga na laptopu akanakili picha, moja moja, akimwonyesha baba yake kila moja ilipofika upande wa pili. Ndipo akafungua orodha ya vitu vyote vilivyomo ndani ya simu na kuipitia kuanzia juu, akiuliza, hii unaijua? Hii nani aliweka? Ngao ilikuwa katikati, imetulia kama mgeni aliyezoea nyumba.

— Soma hapa, Baba. Hizi ndizo ruhusa uliipa siku ile ulibonyeza. Kusoma majina ya watu wako. Kutuma meseji. Kujiwasha yenyewe simu ikiwaka. Tafuta mahali inasema itapima virusi.

Alier alisoma kwa kidole, mara mbili. Hapakuwapo.

Alipojaribu kuifuta, kitufe kilikataa kubonyezeka. Kijiwe kizima kikasogea karibu. Adut hakushtuka, alisema imejifanya msimamizi wa simu, na msimamizi hafukuzwi kabla ya kuvuliwa cheo. Akaingia kwenye mambo ya usalama, akaitoa alama yake. Papo hapo kioo kikawa chekundu: ukiendelea, kila kitu chako kitapotea.

— Acha! Lokeno aliruka. Acha, binti, imekasirika!

Adut alimtazama baba yake.

— Inatisha tu. Ilikuingia kwa kukutisha, na haijui njia nyingine. Niendelee?

Alier alikuwa ameshona miaka ishirini. Alijua tofauti ya mtu anayechana nguo na mtu anayefumua mshono uzi kwa uzi ili kitambaa kisiumie, na sasa alikuwa anaitazama mikono ya namna ile ya pili. Haikuwa na haraka. Haikuwa inajionyesha kwa mtu. Alijiuliza ni lini mikono hiyo ilijifunza hivyo, na kwa nini yeye hakuwahi kwenda Lodwar kuiona ikifanya kazi.

— Endelea, alisema.

Ngao ikatoweka. Adut hakuishia hapo. Alichomoa memori kadi akalikuta faili lenyewe lililoileta dawa, limejificha kati ya nyimbo, akalifuta nalo. Akafunga mlango unaoruhusu vitu vya barabarani kuingia ndani ya simu. Mwishowe akaipima simu yote kwa programu aliyokuwa anaiamini, na wote wakainama kusubiri hesabu. Ilikuwa sifuri.

— Sifuri? Lokeno aliuliza. Na wale sitini na nane?

— Hawakuwepo, Mzee. Ile ilikuwa inabuni namba tu.

Lokeno alikaa chini taratibu. Asubuhi hiyo yeye alikuwa amefikisha tisini na mbili.

— Baba, hii dawa umempa nani mwingine?

Alier alihesabu moyoni: kijiwe, kwaya, walimu, na watu waliopewa na hao. Wiki tatu alikuwa anagawa ugonjwa akiitwa Daktari. Kabla hajajibu, Nyaruach alisema kwa sauti ya chini kwamba gari la Lodwar limefika, na yule mzee mwenye fimbo anakuja huku.

Aukot alitembea kama anayeingia darasani wakati watoto wanapiga kelele. Alisimama mbele ya ubao. Alier akainuka, na Mukendi akamnong'oneza harakaharaka:

— Sema ni netiweki. Sema netiweki!

Ingekuwa rahisi. Lakini binti yake alikuwa amekaa pale, na alikuwa ametoka kumwonyesha jinsi ya kutazama kitu kilivyo.

— Mwalimu, karibu, alisema Alier. Sina picha zako. Hizo meseji zilitoka kwa simu yangu, na kosa ni langu. Nilitishwa, nikabonyeza kitu nisichokijua, kikawa kinaandika kwa jina langu. Na nimewapa watu wengi kitu hicho nikidhani nawasaidia. Binti ndiye amekigundua. Mimi leo nitazunguka, kwa kwaya, kwa shule, niwaambie wote kwa mdomo wangu waje akitoe.

Hakuna aliyekunywa. Hata Nyaruach aliacha makaa. Alier alikuwa hajawahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na Lokeno alimwangalia kama mtu anayeona mlima mahali alipozoea kupita tu.

Aukot aliketi. Alipokea kikombe, akapuliza, akanywa nusu. Halafu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua gotini. Ilikuwa simu.

— Nilibonyeza, alisema.

— Mwalimu?

— Ile meseji ya sita. Nilitaka kujua ni picha gani. Alikohoa. Sasa na yangu inaandika. Padre amepata. Chifu amepata. Mama yake Lopeyok amepata, na tangu juzi ananiuliza nimeona picha za nani.

Mukendi ndiye aliyeshindwa kwanza. Kahawa ilimtoka puani. Lokeno akafuata, kisha Nyaruach, na Alier akajiona anacheka akiwa amemshika mkwewe bega bila kuomba ruhusa. Aukot alijaribu kushikilia uso wa mwalimu, ukamponyoka.

Adut aliipokea simu kwa mikono miwili, ameinamisha macho kama inavyompasa msichana mbele ya mzee huyo. Lakini macho yalipofika kwenye kioo yakawa ya fundi, na maswali yake yalikuwa yaleyale: hii unaijua? Hii nani aliweka? Mzee akajibu kila moja kwa utiifu.

— Nilikuwa nimekuja kukuambia tuahirishe, Aukot alimwambia Alier kwa sauti ya chini. Ndugu zangu walipata sababu waliyokuwa wanaitafuta.

— Na sasa?

— Ngoja kwanza amalize.

Wakangoja. Wazee wawili walikaa bega kwa bega wakitazama vidole vya msichana, na hakuna aliyetoa nadharia. Msichana alipomrudishia simu, Aukot aliiwasha mwenyewe, akaiweka gotini wakaitazama. Dakika ikapita. Tano. Kumi. Ilikuwa kimya.

— Watauliza tena, hao ndugu zangu, alisema akiikunja ile leso. Nitawaambia nimemwona huyu binti. Akainuka akachukua fimbo. Alier, panga siku. Ukishapata tarehe, nitumie meseji...

Akasita. Kijiwe kizima kilimkodolea macho.

— Hapana, alisema. Nipigie.