Bienvenu na Mashini ya Kupima Maziwa

Pale Kirolirwe, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Kaswera, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe, na mambo ya kijiji huamuliwa hapo kabla hayajafika kwa chifu. Asubuhi ile Bienvenu alifika kutaka jibu lao. Koperative ya maziwa ilikuwa imenunua programu ya kompyuta na mizani yake, ambayo wote waliiita mashini: kila bidoni, yaani dumu la maziwa, ipimwe Kirolirwe, ipimwe tena Goma, kila mfugaji aone maziwa yake yamefikaje. Kazi ya Bienvenu ilikuwa kuwaridhisha wadau. Wasipokubali leo, mashini inapelekwa kijiji cha Nyamitaba, naye anarudi kulima viazi vya baba mkwe wake. Mafunzoni aliambiwa amtembelee kila mdau peke yake, asikilize hofu yake, amtulize. Aliwatuliza, maskini, mpaka akapitiliza.

— Bienvenu, karibu! — alisema Nzabandora, mwenye ng'ombe wengi, ambaye kijiweni huitwa Senateri kwa ajili ya koti lake. — Elezea hawa. Mashini inakamata bashoferi bezi. Njo vile uliniambia.

Raphaël, dereva wa Fuso la maziwa, jina lake la utani Turbo, akaweka kikombe chini.

— Miye aliniambia inakamata benye kutiaka mayi mu maziwa.

— Mayi gani? — Senateri akashtuka kusikia habari za maji.

— Weye unajua, Papa.

— Na miye, — Mama Kaswera akadakia, — aliniambia italeta bazungu ba kunywa kahawa.

Bienvenu alikohoa. Yote matatu aliyasema kweli, kila moja mahali pake, na hakuwahi kufikiri kwamba watu hawa huketi ubao mmoja kila siku ya Mungu.

— Mashini iko moja, — alisema.

— Moja na inafanya yote ile? — Turbo akauliza. — Basi iko na satelite. Nikisimama njiani Sake nakula brochette ya nyama ya mbuzi, inasema: Turbo iko na ya pili mu mukono.

— Iyo iko kidogo! — Senateri akasimama. — Niko na vijana bane ba kuoa. Mukwe akiona mu telefone ngombe yangu inatoa litre ngapi, atanipandishia mahari. Na sitaweza kulia umaskini, chiffre iko pale, hesabu yote!

— Miye nasikia inanusaka, — Mama Kaswera alisema, akiongeza kahawa. — Ukitia mayi ya mutoni, inataja jina ya mutoni.

— Na mvua ikiingia mu bidoni? — Senateri akauliza. — Niko mwizi ya mvua?

— Utajieleza na mashini, — Mama Kaswera akajibu.

Senateri akaketi. Alimtazama Turbo, Turbo akamtazama yeye. Watu hao hawajawahi kukubaliana hata juu ya timu ya mpira.

— Iende Nyamitaba, — alisema Senateri.

— Iende, — Turbo akajibu.

Bienvenu alitaka kulia. Aliviona viazi, aliliona jembe, akamwona baba mkwe akicheka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijichongea mwenyewe kwa ulimi wake mtamu.

— Sikieni, — alisema. — Nilibadanganya. Mashini hainusi, haina satelite. Inapima hapa, inapima Goma, inaonyesha kile kimepunguka. Basi. Sitamuficha muntu.

— Sasa njo umeharibu kabisa, — alisema Turbo.

Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka dada mmoja amejaa vumbi, kompyuta mgongoni, amekumbatia boksi la mizani. Alikuwa Godelieve, fundi kutoka Goma, aliyekuja kufunga mashini. Mama Kaswera alimwonea huruma, akampa kikombe cha kahawa ya maziwa. Godelieve alikunywa, akafumba macho.

— Ayi, Mama! Maziwa ya kweli! Siye kule tunakunywaka ya poda. Uko na ngombe ngapi?

Mama Kaswera hana hata kuku. Alianza kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

— Nataka nikuandike wa kwanza mu mashini, — Godelieve aliendelea kwa furaha, akifungua kompyuta magotini. — Ngombe ngapi, Mama?

Turbo aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Senateri akakitazama kikombe chake, akalitazama Fuso lililoegeshwa kando, akakitazama kikombe tena. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa akinunua maziwa yake mwenyewe.

Bienvenu alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Mara hii hakumtuliza mtu.

— Bienvenu, — Senateri alisema polepole, — kesho unafungua mashini saa ngapi?

— Jua likitoka, Papa.

— Nitakuya mbele ya jua. Na Turbo atapakia. Si atapakia?

— Nitapakia, — ilisema sauti kutoka chini, kwenye ndala.

Godelieve hakuelewa kitu. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kompyuta.

— Mama? Niandike ngapi?