Gundi ya Mkono wa Hamissi

Mwaka wa tisa wa uhuru, kijiwe chetu karibu na soko la Rumonge, kando ya ziwa, kilikaa wiki kadhaa bila kahawa. Hamissi, muuza kahawa wetu, alikuwa amejikata kiganja kwa panga akiangusha mkungu wa chikichi. Marguerite, muuguzi wa zahanati, hakumshona: alikiziba kidonda kwa gundi aliyoachiwa na daktari mgeni. Tukasema basi, mkono huo utaoza. Asubuhi moja Hamissi akarudi, birika katika mkono uleule, akatumiminia bila kumwaga tone. Alhamdulillahi! Nilikaribia kulia, na si kwa ajili ya kahawa peke yake.

— Ile gundi naijua, alisema Asmani Kisigino, fundi viatu. Iko sawa na yangu ya soli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo sababu Hamissi hana ukuta!

— Ya kwako inanuka, akajibu Lukeba, tunayemwita Profeseri kwa kuwa aliwahi kufagia shule ya mapadri. Ile ya Marguerite inaua mikrobe, vile vidudu vya kidonda. Wanaikanyaga, miguu inanasa.

— Mikrobe iko na miguu? akauliza Asmani.

— Na midomo! Nayo inanasa. Wanakufa njaa.

— Basi tupake ndagala, hizi dagaa zetu, zifike Bujumbura bila kuoza!

Mwanvua, anayeuza mawese ubavuni mwa benchi letu, akasonya.

— Muache bongo, muache uongo. Ni mawese yangu. Si nilimuletea chupa siku ya kwanza, nikamupaka mwenyewe?

— Hata mimi nilimupaka, akasema Asmani.

— Na mimi, akasema Profeseri.

Nami pia nilikuwa nimepeleka chupa. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Hamissi akaweka birika chini, akacheka.

— Siku moja mutaniua na upendo. Mawese yenu ililegeza gundi, kidonda ikafunguka. Marguerite akanisafisha tena, akanipaka ile ya mwisho yenye ilibakia. Akasema ikauke, mutu asiiguse.

— Sasa inaua mikrobe ao haiue? akauliza Profeseri.

— Nilimuuliza. Anasema inafunga mulango, wasiingie. Kama inawaua pia, daktari mwenyewe alikuwa angali anachunguza.

Mwanvua akajifunika uso kwa kitenge.

— Mungu wangu! Nilikuwa naozesha mukono wa mutoto wa dada yangu.

— Mama mudogo, mukono huu hapa, akasema Hamissi. Kunywa.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mgeni, Cibalonza, aliyevuka ziwa kutoka mji wa Baraka na kapu la samaki, akingoja lori.

— Samahani, baba zangu. Huyo Marguerite, nani alienda kumuambia aksanti?

Asmani akamtazama Profeseri. Profeseri akatazama viatu vyake. Nami nikanyoosha kikombe changu niongezewe.

— Kahawa imeisha, akasema Hamissi, akafunika birika.

— Iko nusu! nikasema. Naisikia ndani!

— Hiyo iko ya Marguerite.

Akashika njia ya zahanati, birika katika mkono wenye kovu. Mwanvua akamfuata mbio, akasimama, akarudi kuchukua mche wa sabuni aliyoipika kwa mawese yaleyale. Nasi tukaweka vikombe chini, tukamwachia mgeni benchi, tukawafuata.