Mzee wa Kanda za Muhima

Wapendwa mliofika hapa Gisozi leo Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1993, nasimama kwa niaba ya ukoo, mimi Béatha, mtoto pekee wa marehemu, kwa kuwa baba mdogo Conrad aliyestahili kusoma wasifu huu ametuma habari kwamba hatafika, nami nitasema mambo yalivyokuwa, maana baba hakupenda maneno ya kupakwa mafuta.

Viateur Kubwimana alizaliwa hapa Gisozi tarehe 9 Agosti 1934, akasoma shule ya misheni kuanzia 1942, akahitimu ualimu mwaka 1955, akafundisha miaka minane Bujumbura, ambako alikijua Kiswahili, kisha akarudi Kigali na kuendelea kufundisha, na wanafunzi wake wanasema hakuwahi kuchelewa wala kucheka. Tarehe 6 Januari 1968 alifunga ndoa na mama yangu, Mukasine, nikazaliwa mimi mwaka uliofuata, na mama alipofariki mwaka 1986 baba hakuoa tena.

Machi 1990 aliacha ualimu akaandikia gazeti la wiki, Mlezi, pale Muhima, na kwa vile wengi waliompenda hawakujua kusoma, mwaka uliofuata akaanza kuyasoma makala yake kwenye kanda, ambazo madereva na wachuuzi wa Nyabugogo walizinunua na kuzipiga katika vilabu vya pombe mpaka zikakwaruza. Humo alisema vyama vingi vitaibomoa nchi, mke asimjibu mumewe, neno la baba ndilo la mwisho, na wapo waliomwita mwalimu wa taifa, na wapo waliobadili njia walipomwona.

Katika kanda ya Februari 1992 alisema mtu wa heshima asinywe kwa mrija mmoja na mwenye kofia ya chama kingine, na ninyi mnajua kwetu mrija wa pombe ya ndizi unapita mdomo hadi mdomo, na anayeukataa amekukataa wewe, lakini watu walimsikia, wakaanza kwenda harusini na mirija yao mfukoni, majirani wa miaka ishirini wakatazamana kama wageni.

Tarehe 12 Septemba 1992 wakwe zangu walikuja kutoka Kinyinya kunichumbia, na baba mkwe, mzee Zephaniah, alipoona mambo yamekuwa mazito alivua kofia yake ya chama, akaikunja, akaikalia, akanywa, kisha akampa baba mrija kwa mikono miwili, na baba akageuza uso. Niliolewa hivyo hivyo, baba akanifukuza, na kwa desturi yetu binti aliyefukuzwa na baba yake harudi nyumbani mpaka aitwe, basi nikangoja mwaka mzima, nikiisikia sauti yake kila kibanda nilichopita, ikimwita kila mtu isipokuwa mimi.

Hao walionunua kanda hawakuja kumtembelea, alipika na kula peke yake, na alipozidiwa na ugonjwa wa figo tarehe 20 Novemba, akahitaji watu wanne wa kumbeba mabegani hadi hospitali kwa machela ya pamoja ya kilima chetu, walipatikana majirani watatu, wa nne akawa mzee Zephaniah, aliyetoka Kinyinya kwa miguu bila kuombwa.

Nilikwenda hospitali nikamsihi arekodi kanda nyingine, awaambie watu warudiane, akasema, "Kanda zimekwisha kwenda, Béatha. Kutawanya watu nilijua. Kuwaita, nitaita namna gani?" Nilimkasirikia, na nilimhurumia, na mpaka sasa sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi. Kanda hiyo haikurekodiwa, naye alifariki jana Ijumaa, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, watu wanne waliombeba na wale wale wanne waliochimba kaburi hili, wafanyakazi wenzake wa Mlezi waliomtuma dereva na shada la maua, na ninyi nyote, ambao nimewahesabu, mko kumi na saba.

Baba, pumzika kwa amani, hukuniita, nimekuja.